Walinzi wa Vidole

Asubuhi fundi cherehani alikuwa amezamisha mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akisubiri vidole vikubali kukunjika, ndipo walinzi walipoanza kumtoka kwenye viungo. Walikuwa wadogo kama punje za mchele, wamevaa makoti mazito, na kila mmoja alijifuta miguu kwenye taulo kabla ya kupanda mezani. Mumewe aliwamiminia chai kwenye kisahani.

"Shemeji, tumekuja kuomba radhi," alisema mkubwa wao. "Sisi ndio tunaomvimbisha."

Alieleza kwamba wao ni walinzi wa zamu ya kwanza. Hawaulizi jina wala hawakumbuki sura. Kengele ikilia wanatoka na moto mkononi. Bahati mbaya kengele ya mwili huu iliharibika, inalia hata pasipo mwizi, na kila wanachokichoma kinazidi kuiliza.

"Tulidhani tunalinda," alisema, na wenzake wakatazama chini.

"Basi kikulacho ki nguoni mwako," alisema mume, na kwa kuwa mkewe alikuwa fundi wa nguo, alidhani amechekesha. Hakuna aliyecheka. Mwaka mzima alikuwa akiwaambia ndugu zake kwamba mkewe anajisingizia, mpaka mkewe naye akaanza kuona haya, akawa anaikalia mikono yake kila mteja alipoingia.

"Mama yako anakuja leo," alisema fundi. "Mwambie wewe. Mimi hanisikii."

"Nitamwambia."

Mama mkwe alifika akawakuta walinzi bado wako mezani. Wakamwamkia, akaitikia marahaba. Kisha akaona mashuka kwenye ndoo, hayajafuliwa.

"Mwanangu, huyu mkeo bado anaumwa ule ugonjwa wa kuchagua kazi?"

Mume aliona aibu, aibu ya kweli, ikampanda mpaka masikioni. Alimtazama mkewe, akawatazama walinzi, akafungua mdomo.

"Ndiyo hivyo, mama. Si unamjua."

Fundi akainuka, akaivuta ndoo, akafua shuka la kwanza na kulikamua. Kiungo kikatoneshwa. Pale mezani walinzi wakasimama wote kwa pamoja, maana kengele ilikuwa imelia. Akawanyoshea mkono wasiruke wakaumia. Wakapanda kwa mstari, na kila mmoja alimwambia pole kabla ya kuingia.

Mume alilichukua lile shuka akatoka nalo uani kulianika, akabaki nyuma yake muda mrefu kuliko shuka moja linavyohitaji.