Nimefunga, Sifungui

Mwokaji huyu hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Baba yake aliitwa Kipimo, kwa kuwa mkate wake haukupungua uzito hata mwaka wa njaa. Babu yake alikuwa shemasi, akagonga kengele ya kanisa mpaka uzee ukamtetemesha mikono, na hapana aliyewahi kumnasa katika uongo. Babu wa babu yake ndiye aliyelijenga tanuri la kwanza, kwa matofali aliyoyafyatua mwenyewe. Ulikuwa ukoo wa watu wa kauli moja. Yeye mwenyewe waumini walimwita Msimamo, na jina hilo alilivaa kama suti ya Jumapili.

Jina hilohilo ndilo lililomtia kitanzini. Binti yake wa pekee alifunga ndoa katika ofisi ya serikali, bila mchungaji wala kwaya, na kijana fundi wa majokofu ambaye baba hakumridhia. Kisha akafunga virago, akahama nyumbani. Jumapili iliyofuata Msimamo alisimama mbele ya kusanyiko akatangaza kwamba atafunga. Mchana hataonja kitu, na usiku hatapata ila maji na uji mwepesi, mpaka binti huyo arudi na kupiga magoti madhabahuni. Watu wakaitikia amina. Mchungaji peke yake hakuitikia. Alimshika mkono mlangoni, akamnong'oneza:

"Mzee wangu, unasema unafunga. Mimi naona umefungua kesi."

Binti hakurudi, na nadhiri nayo haikumwachia.

Kufunga ni kazi kwa mtu yeyote. Kufunga ndani ya kiwanda cha mikate ni kujiviringisha juu ya makaa. Harufu ilimfuata kwenye meza ya kukandia, ikamfuata stoo, ikalala naye kwenye shati. Wafanyakazi walipodhani hasikii, mkandaji wao waliyemwita Kasuku alifungulia mdomo.

"Mzee kafunga. Mama kafunga mdomo, hamsemeshi. Bado sisi kufunga duka."

"Nyamaza wewe, atakusikia!"

"Na asikie! Jana kautazama mkate kama mtu anayetazama picha ya mchumba."

Wakacheka. Msimamo alisikia, akameza mate, na hakuwa na kingine cha kumeza.

Kwa kweli alimtaka mwanawe. Alitamani kusikia tu neno "baba" likitamkwa kwa ile sauti iliyozoea kumtania. Lakini kila alikopita, watu walimpungia mkono: "Kaza, mzee! Usilegeze!" Na kila "kaza" ilikuwa msumari mwingine katika ubao uleule. Angewezaje kulegeza, yeye Msimamo, mwana wa Kipimo? Hata sala zake zilikuwa zimegeuka bila yeye kujua. Mwanzoni alimwomba Mungu amlinde mtoto. Sasa alimwomba amvunje.

Alasiri moja, mikate ilipokwisha kutoka na wafanyakazi kuondoka, alijikalisha katika chumba kidogo cha nyuma ya tanuri. Mlikuwa na kiti, magunia ya unga, na mlango wa chuma unaotokea uchochoroni. Tanuri likipata moto, mlango huo hung'ang'ania fremu yake, na asiyeupa bega hudhani umekomewa. Kichwa kilikuwa chepesi, miguu mizito. Ndipo aliposikia chuma kikigongwa.

"Hodi. Baba? Umefunga?"

Moyo ulimruka. Ni yeye! Habari za saumu zimemfikia, akawaza, na sasa amekuja kunibembeleza nile. Akajiweka sawa kitini, akaikaza sauti.

"Nimefunga!"

"Kabisa, baba?"

"Kabisa. Na sifungui mpaka utubu."

"Haya, baba." Sauti ilikuwa ndogo. "Kwaheri."

Alingoja mlango usukumwe. Alisikia viatu vikienda, akaichukulia ile kwaheri kuwa ni deko tu, akadhani anazungukia mbele. Akapangusa unga kwenye aproni, akauandaa uso wa kusamehe, uso ambao alikuwa ameufanyia mazoezi. Hakuna aliyeingia.

Aliyeingia baadaye, kwa mlango wa dukani, ni mkewe, kanga imemteleza begani.

"Umemwambia nini mwanangu? Nimekutana naye hapo kona, machozi yanamtoka. Wanahamia mbali, mume kapata kazi, basi lao linaondoka jioni hii. Alikuja kukuaga, nawe ukamfungia mlango!"

"Mlango gani? Uko wazi huo!" Akaushika mpini, akauvuta, ukaguna, ukafunguka. "Aliniuliza kama nimefunga, nikasema nimefunga. Saumu, mama watoto! Saumu!"

Mkewe aliutazama uchochoro mtupu. "Aliuliza mlango, bwana."

Msimamo akakaa tena. Alitaka kuinuka amfuate, akasita. Wala si njaa peke yake iliyomzuia. Akimfuata, amekwenda yeye kwa aliyemkosea. Hapajapigwa magoti, hapana madhabahu. Watasemaje?

"Nadhiri yangu," alisema.

"Nadhiri yako uliiweka kwa Mungu, au kwa wale wa viti vya mbele?"

Kwa mara ya kwanza Msimamo aliiona saumu yake kwa nje, kama mtu anavyoiona nyumba yake akiwa barabarani, na hakuona dirisha hata moja.

Aliondoka na aproni yake. Alishika kuta, akapumzika kwenye nguzo ya taa, akapigiwa honi na kutukanwa na dereva mmoja ambaye hakumjua kuwa ni mzee wa kanisa. Kituoni aliwakuta kwenye benchi, mabegi miguuni. Kijana aliruka kusimama.

"Shikamoo, baba."

Salamu hiyo alikuwa hajawahi kuiitikia. "Marahaba, mwanangu," alisema, na neno likamtoka kwa shida kama jino. Kisha akamgeukia binti. "Sikufunga mlango. Nilifunga chakula."

Binti alimtazama, macho mekundu.

"Kwako wewe, baba, vina tofauti gani?"

Mabasi yalinguruma. Mwanamume aliyezaliwa na watu wa kauli moja alitafuta kauli, akaikosa. Alichofanya ni kuliendea benchi na kujiachia hapo, kando ya binti.

"Hakuna," alisema. "Nisamehe."

"Utaanguka, baba. Umekula lini?" Hakungoja jibu. Alipekua kikapu cha safari, akamega mkate walioununua njiani, mkate wa kiwanda cha mpinzani wa baba, akamwekea kiganjani. Msimamo akaula hadharani, jua likiwa bado liko juu.

"Hamira imezidi," alisema, mdomo umejaa.

Binti alicheka huku akilia. Baba akawawekea mikono vichwani, yeye na mumewe, akawabariki kwa sauti, mpaka kondakta akapiga kelele kwamba basi si kanisa.

Waliondoka. Jumapili aliwaeleza waumini alichokula, na alikila pamoja na nani. Wengine waligeuza nyuso, na jina la Msimamo halikutamkwa tena kwa heshima ile. Aliendelea kufunga katika maisha yake, lakini hakumtangazia mtu. Siku zake za saumu alizijua Mungu, na mkewe aliyeipunguza sufuria.

Nanyi vijana, sikilizeni, haya hayasemwi kwa mzaha. Fungeni. Tumbo lisilojua kunyimwa halitawaliki, na Mkristo asiyejitawala ni kelele tupu. Lakini kabla hujakifunga kinywa, chunguza ni nani uliyemwacha nje. Nenda kwake kwanza, kwa miguu yako, ndipo urudi upige magoti. Myazingatie haya, wala msingoje kuambiwa mara ya pili.