Mabega ya Mboni

Kukaa mkekani Mboni alikaa vizuri tu, kama watu wote. Kazi ilikuwa kunyanyuka.

Siku hiyo alikuwa Kisarawe, nyumbani kwa mama yake, Bi Chausiku, amekwenda kumtazama mwali. Mwali mwenyewe ni Mwanamvua, mtoto wa marehemu mdogo wake. Binti alikuwa amevunja ungo, akawekwa ndani kama ilivyo ada, na Mboni ndiye aliyekuwa somo wake, wa kumfunza mambo ya utu uzima. Wakala wali, wakala samaki wa nazi, wakaongea hadi jua likapinda. Alipotaka kuaga, Mboni akaweka mkono chini, akajisukuma, akarudi palepale. Akageukia ubavu, mkeka ukaja naye. Mwisho wakaja wanawake wawili, huyu akashika kwapa hili na yule lile, "Haya, bismillahi!" wakamsimamisha kama watu wanaosimamisha nguzo ya nyumba.

Mwali akajifunika kanga usoni asionekane anavyocheka. Bi Chausiku hakucheka.

"Mboni," alisema, "kwetu sisi somo ndiye anayembeba mwali mabegani siku ya kumtoa. Anapita naye mlangoni, anamzungusha uwanja mzima, watu wanamwona. Sasa wewe nani atakubeba hata umbebe mwenzio?"

"Nitambeba, mama. Nilimwahidi mama yake."

"Ulimwahidi ukiwa na magoti. Mwali anatoka korosho zikishaokotwa. Ukija na mwili huu, nampa kazi mke wa kaka yako."

Neno hilo lilimkaa Mboni kifuani njia nzima, toka Kisarawe hadi Dar es Salaam, na toka Dar es Salaam hadi alipoteremka basi Mlandizi. Mdogo wake alipokuwa hoi kitandani hakuomba mengi. Alimshika mkono akamwambia, "Dada, mwanangu asitolewe na mabega mengine." Naye Mboni aliitikia.

Hakuwa hivyo tangu zamani. Walipokuwa wanaishi shambani kwao, upande wa mto Ruvu, yeye na mumewe Isihaka, alikuwa mwanamke wa kutwanga, wa kupalilia, wa kuteka maji mtoni na kupanda kilima na ndoo kichwani bila kuishika. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, nao wakajenga katika kijiji cha ujamaa karibu na Mlandizi. Shamba la zamani likabaki mahame, na minazi na mikorosho yake. Kijijini bomba la maji lilikuwa mlangoni, mashine ya kusaga ilikuwa jirani, na Mboni akaanza kupika vitumbua vya kuuza. Sasa, mpika vitumbua huonja unga kama umechachuka, huonja cha kwanza kama kimeiva, hula kilichoungua kisiende bure, na asubuhi ikiisha humalizia vilivyolala sahanini. Miaka haikupita mingi, gauni zake zote zikawa za kufuta vumbi.

Isihaka, mtu mwembamba kama mchi, alifurahi kupita kiasi. "Mtazameni mama Adamu," aliwaambia wenzake barazani. "Huyo mwulizeni kama anaijua njaa."

Aliporudi toka Kisarawe, Mboni alikwenda zahanati ya kijiji. Nesi alikuwa Redempta, binti wa misheni, mwenye sauti ya chini na mikono baridi. Akampima presha, akarudia kumpima.

"Mama, magoti yako hayana ugonjwa. Yamelemewa. Na damu nayo inakwenda kwa nguvu mno. Hebu tujue uzito. Ila mzani wetu hapa ni wa watoto wachanga. Twende ghalani."

Ghala ni la korosho. Mboni akapanda juu ya mzani wa magunia, mpimaji akasukuma chuma, akasukuma tena, akapiga mluzi.

"Daraja la kwanza hili! Halina unyevu wala takataka. Nesi, nilifunge?"

Watu ghalani wakaangua kicheko. Mboni akacheka nao, maana utafanyaje, lakini njiani alifuta macho kwa pindo la kanga. Redempta akamshika mkono.

"Mimi sina dawa ya chupa ya kukupa. Dawa ni sahani na miguu. Mafuta haya yaliingia kidogo kidogo, na yatatoka hivyo hivyo. Usishinde njaa, utaanguka. Kula, lakini mboga iwe kubwa kuliko wali. Samaki mchemshe chukuchuku, kwa ndimu na chumvi. Tui la nazi liwe la sikukuu. Vitumbua uza, cha kuonja mpe jirani. Na kila siku utembee mpaka jasho likutoke."

"Na chai, mwanangu?"

"Chai kunywa."

"Na sukari?"

"Sukari itazame tu, mama."

Jioni hiyo Mboni akaandaa mchicha, dagaa wa kuchemsha, na kipande cha muhogo kama kidole gumba. Isihaka akafunua kawa, akafunika, akafunua tena.

"Mama Adamu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nataka kupungua."

"Kupungua! Redioni wamesema chakula ni uhai, tumekaa darasa la redio tumesikia wote. Unataka watu waseme nimeshindwa kukulisha?"

Ndipo alipomsimulia yote: mkeka, wanawake wawili, neno la mama yake, na ile ahadi. Isihaka alisikiliza huku akikwangua mpini wa jembe kwa kipande cha chupa. Alipomaliza kukwangua akavuta sahani, akaanza kula mchicha.

"Kesho tukishasali alfajiri twende mahame," alisema. "Mikorosho imemezwa na majani."

Njia ya mahame ni ya mchanga, halafu kuna bonde, halafu kilima. Siku ya kwanza Mboni alihema kama mvukuto wa mhunzi kabla hata ya kufika bondeni. Alikuwa anatafuta la kusema ili apumzike, Isihaka akasimama ghafla.

"Ngoja, nimechomwa mwiba."

Akaketi kwenye kisiki, akakunja mguu, akaushughulikia mwiba wake bila haraka. Mboni naye akaketi, roho ikatulia. Wakaendelea. Penye mkwaju, mwiba mwingine. Penye kichuguu, mwingine. Mboni alimwonea huruma siku hizo, akamwambia anunue viatu vya matairi. Ilikuwa baadaye sana ndipo alipogundua kwamba kadiri pumzi zake zilivyozidi kuwa ndefu, ndivyo miiba ilivyoacha kumchoma mumewe. Hakumwambia kitu. Alilihifadhi moyoni, kama mtu anavyohifadhi pete.

Na chakula wakala sawa. Kisamvu cha karanga kidogo, matembele, bamia, perege wa Ruvu chukuchuku. Isihaka, ambaye hakuwa na cha kupunguza, naye akapungua, suruali akaifunga kwa kamba. Si kwamba mambo yalinyooka siku zote. Mvua za vuli zilipoanza, wakafungiwa ndani kutwa, Mboni alikaa karibu na sinia la vitumbua na kabla mvua haijakatika sinia likabaki na mafuta tu. Akalia kama mtoto. Isihaka akalichukua sinia akaliosha mwenyewe.

"Ya leo yamekwisha," alisema. "Mashamba yanaota magugu mara ngapi, nasi si tunapalilia tena?"

Mwili ukaanza kuitika. Shingo ikaonekana. Pete ya ndoa ikazunguka kidoleni. Redempta akapima presha, akatabasamu, akamwambia aendelee hivyo hivyo. Ikawa zamu ya mabega. Mboni alianza kubeba maboga, kisha mtungi, kisha nusu gunia la korosho. Lakini hakuridhika.

"Gunia limekaa tu," alimwambia Isihaka wakiwa mahame. "Mwali anacheza juu, anarusha mikono."

Isihaka akatazama huku na huku. "Basi nipande mimi."

"Wewe? Mwanaume?"

"Kuna mwali mwepesi kuliko mimi?"

Wakacheka mpaka wakaketi. Lakini wakaapiana. Mambo ya mwali, mwanaume hayagusi wala hayasemi, na somo akisikika anajaribu mabega, watu watasema ana shaka, na shaka ya somo ni mkosi kwa mwali. Hapana mtu aambiwe, hata ndugu. Kisha Mboni akachutama, Isihaka akapanda, akamshika mkewe kichwa kwa mikono miwili na kufumba macho.

"Rusha mikono, baba Adamu! Mwali gani huyu?"

"Nitaanguka!"

"Cheza!"

Walitazama huku na huku, ila juu hawakutazama. Na juu ya mnazi wa jirani alikuwapo Maneno, mgema, na kisu chake na kibuyu kiunoni. Maneno aliona alichokiona. Jioni, tembo lilipokuwa linanyweka, akakisimulia, na kila aliyesimuliwa akaongeza chumvi yake. Habari ilipofika Kisarawe ilikuwa imekwishaota mikia: Isihaka anamnyima mkewe chakula mpaka mifupa imetoka, na akishamnyima anampanda mgongoni kama punda.

Mwinyimadi, kaka mkubwa wa Mboni, akaja na wazee wawili wa ukoo. Hakukaa.

"Shemeji, tulikupa mwanamke amejaa. Huyu aliyesimama hapa ni nani?"

"Kaka, mimi nakula na nashiba," alisema Mboni.

"Nyamaza, Mboni. Anayenyimwa hufundishwa kusema ameshiba. Shemeji, nakuuliza: umempanda dada yangu au hukumpanda?"

Mboni akamtazama mumewe. Neno moja tu lingemsafisha Isihaka, na neno hilohilo lingemharibia Mwanamvua siku yake. Akafungua kinywa, lakini Isihaka alikuwa ameshainua mkono.

"Nimempanda," alisema, ametazama chini.

Wazee wakaguna. Mmoja akatema mate kando.

"Huna hata haya! Na sababu?"

"Sababu sina ya kusema leo. Ngojeni mwali atoke. Akishatoka, kama bado mna neno na mimi, mchukueni dada yenu, sitawafuata."

Mwinyimadi akakubali kwa heshima ya mwali tu. Toka siku hiyo, kila Isihaka alipopita kijijini, kulikuwa na mtu wa kulia kama punda nyuma yake. Alipita. Alfajiri alimgongea mkewe dirisha kwa mpini wa jembe kama kawaida. "Mama Adamu, mikorosho inatungoja."

Korosho zikaokotwa, siku ikafika.

Uwanja wa Bi Chausiku ulijaa tangu asubuhi. Ngoma zilikuwa zimekaushwa juani, kanga mpya bado zinanukia duka. Isihaka alikuwa amesimama upande wa jikoni, peke yake, watu wamemwachia nafasi kama mtu mwenye upele. Ndani, Mboni akajifunga kibwebwe, akachutama. Mwanamvua akapanda, amepakwa mafuta, shanga zinalia kiunoni.

"Mama mkubwa, usiniangushe," alinong'ona.

"Tulia, mwanangu. Nimeshabeba mwoga kuliko wewe."

Mlango ulikuwa mfupi. Alipita amekunja magoti, mwali ameinamisha kichwa, kisha akanyooka nje kwenye mwanga. Vigelegele vikapasua. Akazunguka uwanja, na mwali juu akarusha mikono, akatikisa mabega, uso umetulia kama walivyofundishana. Bi Chausiku alikuwa amejishika mdomo. Mboni alikuwa anahema, ndiyo, lakini pumzi zilikuwa zake, zinakwenda na kurudi alivyotaka. Akamkumbuka mdogo wake. Akasema moyoni, "Umeona?"

Ilikuwa wamalize mzunguko waingie ndani. Lakini Mboni akaacha njia, akakata uwanja hadi upande wa jikoni. Akasimama mbele ya Isihaka. Ngoma zikalegea. Polepole, na mwali bado yuko mabegani, Mboni akapiga magoti.

"Baba Adamu," alisema, watu wote wakisikia, "ahsante."

Kisha akainuka. Hakushika chini, hakushikwa kwapa.

Mwinyimadi alitazama mabega ya dada yake, akamtazama Isihaka, akatazama tena mabega. Akapiga kofi paja lake.

"Lahaula! Kumbe kule mahame..." Akaja mbio. "Shemeji! Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mambo ya mwali hayo."

"Na sisi tumekutukana vile!"

"Mlikuwa mnamtetea dada yenu. Asiyetetewa na kaka zake, atatetewa na nani?"

Bi Chausiku alikuwa amefika naye, anafuta macho. "Hebu niambie, mkwe wangu. Juu ya mabega ya mwanangu ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa mwali, mama," alisema Isihaka. "Tena mwali mbovu, asiyejua kucheza."

Kicheko hicho, walioko barabarani walikisikia. Isihaka akashikwa mkono, akaingizwa uwanjani, akachezeshwa na mashemeji zake hadi jua linazama, akachezeshwa na Maneno mgema pia, ambaye alikuja na kibuyu cha kuombea radhi.

Kesho yake walirudi. Basi likawateremsha Mlandizi, wakashika njia ya kijijini kwa miguu, Mboni mbele na fungu la kanga alizotuzwa. Alikuwa anasema hili na lile juu ya sherehe, akaona hajibiwi. Akageuka. Isihaka alikuwa nyuma, anachechemea, miguu imekufa kwa ngoma ya jana, lakini hasemi.

Mboni akasimama.

"Ngoja," alisema. "Nimechomwa mwiba."

Akaketi kando ya njia, akakunja mguu, akaanza kuutazama unyayo bila haraka. Isihaka akaketi karibu yake, akashusha pumzi. Baada ya kitambo akainama akautazama unyayo ule, ambao haukuwa na kitu ila vumbi.

"Umeingia sana?" aliuliza.

"Sana," alisema Mboni. "Tupumzike kwanza."