Filamu ya Pili ya Zarka

Dada yangu Henda aligundulika kuwa na saratani ya kongosho mwaka ambao binti yake Yosr alitimiza miaka kumi na mmoja, na mdogo wake Iyed sita. Siku daktari alipomweleza, hakulia. Alirudi nyumbani kwake hapa mjini Bizerte, akavua viatu, akasema anataka kuwaonyesha wanawe filamu za Zarka kabla hajaishiwa nguvu za kukaa sebuleni.

Filamu zenyewe ni nne. Tatu za mwanzo mimi na Henda tuliziona sinema tukiwa wasichana, tumebanana kiti kimoja kwa sababu tulikuwa na tiketi moja. Ni habari za ndugu wawili wanaovuka jangwa na mama yao, Zarka, ambaye anajua visima vyote. Mwishoni mwa filamu ya pili Zarka anakufa. Katika ya tatu watoto wamekua, wanahangaika bila yeye. Ya nne ilitoka miaka mingi baadaye, ikarudi nyuma: Zarka ni msichana, ana vicheko, anachumbiwa, na inaishia siku anayojifungua mtoto wa kwanza.

Ugomvi ukawa waanze na ipi.

"Tuanze na ya nne," alisema Nasri, mume wa Henda. "Hadithi inaanzia pale. Mtu huzaliwa kwanza."

"Fundi bomba wewe! Kila kitu lazima kifuate mfereji," Henda akamjibu. "Wataziona kama nilivyoziona mimi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne."

"Lakini Henda, ile ya pili..."

"Ile ya pili ndiyo ninayoitaka. Wakiuliza, nipo, nitawajibu. Ukiwaanzishia ya nne watampenda yule msichana, halafu wamzike, basi. Mimi nataka wamlilie mapema, kisha wamwone tena anacheka."

Nasri akanigeukia. "Shemeji Wided, mwambie dada yako."

Niliinuka kukusanya vikombe.

Ya kwanza waliiona Jumamosi mchana. Henda alilala kwenye kochi, Iyed kamkalia miguuni, anauliza kwa nini ngamia wana kope kama za mama yake mdogo. Henda alicheka mpaka akashika ubavu. Siku nne baadaye homa ilimpanda, akapelekwa hospitali Tunis. Hakurudi tena.

Jumamosi iliyofuata watoto wakadai ya pili. Nasri alikuwa ameshanipa diski yake jana yake, kwenye mfuko wa mkate, niifiche kwangu. Akawawekea ya tatu.

"Ya pili imekwaruzika," aliwaambia.

"Zarka yuko wapi sasa?" Yosr aliuliza katikati ya filamu.

"Amesafiri."

"Atarudi lini?"

"Tazama filamu, mwanangu."

Wiki ya tatu akawaonyesha ya nne, na Iyed akafurahi kwamba Zarka amerudi, tena amekuwa kijana. Kila walipotaka kwenda kumwona mama yao, Nasri alikuwa na sababu: Iyed ana mafua, hospitali hairuhusu watoto, mama anapumzika, atatoka karibuni.

Mimi nilikwenda kila Jumapili. Siku moja nilimkuta Henda uso umemchangamka kidogo.

"Nasri ameniambia wameiona ya pili," alisema. "Eti Yosr alilia. Kwenye simu haniulizi kitu, anaongelea mitihani tu. Huyo mtoto anameza mambo kama mama yetu. Wewe unaonaje, nianze mimi kumwuliza?"

Diski ilikuwa kwangu, kwenye kabati la sahani. Nilimrekebishia mto. Nikamwambia, "Mwache, ataongea akiwa tayari."

Hilo nililisema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alhamisi ya wiki ile Yosr alikuja kwangu kutoka shule. Hakukaa. "Mama mdogo, ile filamu imekwaruzika kweli?"

Nilimtazama mtoto yule, nikashindwa kumdanganya. Nikamtolea diski, nikamwekea. Nikaingia jikoni, nikapika dengu ambazo hakuna aliyezila. Alipokuja mlangoni macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Kwa hiyo kusafiri ndiko huku," alisema. "Na mama je?"

Nikamwambia. Yote aliyosema daktari, tangu mwanzo.

Aliomba simu yangu akampigia baba yake. Nasri alifika na nguo za kazi, mikono imejaa uchafu wa mabomba, akasimama katikati ya sebule yangu.

"Nilitaka mpate siku za amani," alisema.

"Nani alikuambia tuna amani?" Yosr alimpigia kelele. "Iyed anakojoa kitandani kila siku! Mimi ndiye ninayefua mashuka, wewe hata hujui!"

Nasri akakaa chini, sakafuni, akafunika uso.

Asubuhi tulipanda teksi ya abiria kwenda Tunis, sote wanne. Tulimkuta Henda ameshaongezewa dawa za maumivu tangu alfajiri. Anapumua, macho nusu wazi, hasemi. Muuguzi alisema pengine anasikia. Iyed alipanda kitandani akalala pembeni yake na viatu vyake. Yosr aliinama sikioni.

"Mama, nimeiona ya pili. Jana. Nina maswali mengi."

Alingoja. Aliendelea kungoja mpaka muuguzi alipokuja kutuomba tutoke. Henda alifariki Jumapili.

Baada ya arobaini Iyed alibaki na baba yake, Yosr akahamia kwangu. Kwa baba yake anakwenda Ijumaa kula chakula cha mchana. Wanasalimiana, wanapeana mkate. Nasri amezeeka. Amewahi kunizuia mlangoni akaniuliza kama Henda alimwamini alipomwambia watoto wameiona. Nikamjibu kwamba alimwamini, na kwamba mimi nilimsaidia kuamini.

Yosr hajui habari hiyo. Mwezi uliopita tulikuwa tunakunja nguo, akaniuliza, "Mama mdogo, mama alikuwa anajua kwamba sijaiona? Au alidhani nimeiona nikakosa la kumwuliza?"

Nilisema sijui.

Alinitazama, shuka mkononi. Kisha akaendelea kukunja.