Tawi la Podo

...na tawi bado nimelishika, limepinda, maji ya ukungu yananitiririka kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, wenzangu wote wamepita, wa mwisho alikuwa Joyline, akacheka, "Asante Prof, achilia sasa, tumeisha," lakini sijaachilia, desturi yetu tukitembea huku msitu wa Kaptagat ni hiyo, wa mbele hushika tawi lisimchape wa nyuma, na nyuma yangu siku zote alikuwa Emmaculate, mke wangu, mzito wa miguu, mwepesi wa macho, anasimama kwa kila uyoga, "Oketch, ngoja, kuja uone hii," nami nangoja, nanung'unika, nangoja... asubuhi kabla sijatoka mtaani kwangu, West Indies, dada yangu Aloo alipiga simu kutoka nyumbani, upande wa ziwa, hakuuliza kama nimekula, "Umemwota?" bado, dada, "Kwetu mwanamume aliyefiwa lazima amwote mkewe, walale pamoja ndotoni, ndiyo ujue amekuachilia, asipokuja amekasirika, wewe na vitabu vyako," na mimi ni mwalimu wa takwimu, lakini tangu tumzike nalala usingizi mweusi, mtupu, kila alfajiri naamka na swali lile lile, amekasirika, kwa lipi... juu mbega ameruka, mkia mweupe umepasua ukungu, kimya, kisha matone, kisha jua linateremka polepole kwenye shina la mti wa podo ambalo kundi letu lote likishikana mikono haliwezi kulizunguka, kuvu za kijivu zinaning'inia kama ndevu, zinapumua, na mimi pumzi nimeizuia, kama kanisani padre anapoinua hostia... "Profesa! Umekuwa geti?" ni Kiplimo, kiongozi wetu, huko mbele, "Mvua haina adabu kwa wasomi!" wanacheka, nasikia, lakini pale kwenye gogo lililooza kuna uyoga, mdogo, rangi ya chungwa, mwanga unapita ndani yake, na ni mimi niliyeuona, mimi niliyekuwa nikipita msitu mzima nikitazama viatu vyangu, nimesimama mbele yake vile vile Emmaculate angesimama, kichwa upande, mdomo wazi, sasa haya ni macho ya nani... Aloo atapiga tena kesho, nitamwambia bado, wala sauti haitatetemeka, aliyekasirika hamwachii mtu macho yake... mkono unauma, Kiplimo anapiga mluzi, tone la kwanza la mvua limenigonga shingoni, nakuja, nakuja, tawi nimelishika, kidogo tu, apite