Mbuzi wa Maji

Pampu ilinguruma vizuri kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, kisha ikabadili sauti. Lesian alikuwa amechuchumaa kando yake, sikio karibu na mota, na aliusikia ule mlio kabla hata mshale wa geji ya presha haujashuka: mlio mkavu, wa kitu kinachotafuna bila kumeza. Chini ya kifuniko cha kioo mapovu yakaanza kukimbizana. Maji yakapungua kwenye chungu cha chujio, yakapungua, hadi kikapu cha kunasia takataka kikabaki kitupu kama mdomo wa mtu aliyeshangaa. Akazima.

"Umeshika hewa tena," aliiambia pampu, kama mtu anayemwambia ng'ombe mkorofi.

Ilikuwa Jumamosi, kule Akheri, na nyumba ya Bosi Eliasi ilikuwa imefurika watu wa kazi. Vijana walikuwa wanasimamisha mahema uwanjani, kreti za soda zilikuwa zinashushwa kwenye kenta, na nyuma ya jiko wanawake walimenya ndizi huku wakitaniana kwa Kimeru. Kesho yake Rachel, binti wa bosi, alikuwa anapata kipaimara. Baada ya ibada, mchungaji na wazee wa usharika na wakubwa kutoka mjini wangekuja kula kando ya bwawa la kuogelea. Na bwawa lilikuwa la kijani, maana maji yasiyozungushwa huoza yakiwa wazi machoni pa watu.

Bosi alikuwa amesema mara moja tu, kwa simu, bila kupandisha sauti: wageni wakifika maji hayajang'aa, Lesian afungashe godoro lake. Kazi na chumba cha uani vilikuwa kitu kimoja. Kimoja kikiondoka, kingine kinafuata. Na ndani ya chumba hicho alikuwamo Naserian, mkewe, mwenye mimba kubwa ya kushika kiuno.

Lakini Lesian hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Alizaliwa Kisongo, mtoto wa wafugaji, na pampu alijifunza kwa macho yake mwenyewe alipokuwa akifyeka majani kwenye hoteli moja mjini. Hakuna aliyemfundisha. Alisimama tu karibu na mafundi, kila siku, mpaka wakachoka kumfukuza.

Akaanza upya, tangu mwanzo. Akafungua kifuniko, akatoa kikapu, akakisuuza. Akafuta mpira wa kifuniko kwa kitambaa, akaupaka mafuta ya mgando. Akamimina maji ndoo kwa ndoo hadi chungu kikafurika, akafunga, akawasha. Pampu ikavuta, geji ikapanda, moyo wake ukapanda nayo. Kisha ule mlio mkavu ukarudi.

Akakoroga sabuni ya unga kwenye kopo, akakipaka povu kila kiungo cha bomba kilichoonekana, pampu ikiwa inazunguka. Kiungo kinachonyonya hewa hulivuta povu ndani, likabaki tundu. Alikagua kimoja kimoja. Povu lilikaa juu ya viungo vyote, jeupe, limetulia kama urembo wa keki. Basi hewa haikuingilia mahali jicho linapofika.

Akakaa kwenye jiwe, akafikiri. Ndipo akakumbuka jambo alilokuwa akilipuuza. Kila asubuhi alikuta maji ya bwawa yameshuka, na hakuna aliyeoga. Alidhani ni jua. Sasa akayaweka mawili pamoja, na jibu likaja lenyewe: bomba la kufyonza likipasuka chini ya ardhi, pampu ikizimwa linatoa maji, pampu ikiwashwa linaingiza hewa. Ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Bomba lile lilishuka kutoka bwawani, likapita chini ya udongo kufuata ua, hadi kwenye kibanda cha pampu huku bondeni. Lesian akavua viatu, akalifuata kwa nyayo, akipapasa ardhi kwa vidole. Udongo ulikuwa mkavu, wa moto. Karibu na kona ya ua ukawa wa baridi, kisha ukawa tope. Akachungulia ng'ambo ya seng'enge.

Kiangazi kilikuwa kimeugeuza mlima wote kuwa rangi ya majivu. Migomba ilikuwa imeinamisha majani kama watu waliofiwa, na kahawa imejikunja. Lakini pale chini ya ua ulikuwapo ukanda mmoja wa magimbi, majani mapana kama sinia, ya kijani cha kutia wivu. Kijifereji kidogo, kilichochongwa kwa jembe kwa ustadi, kiliyapeleka maji kutoka kwenye ua hadi shina la mwisho. Na katikati ya magimbi alisimama Mama Tabea, jembe begani, akimtazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilikuwa najiuliza utafika lini. Ninyi watu wa Kisongo mnajua kufuata nyayo za ng'ombe, nikasema maji je, mtayaweza?"

Lesian akacheka bila kupenda. Alimfahamu. Nani asingemfahamu Mama Tabea, mjane aliyelea watoto watano kwa shamba lisilotosha kugeuzia gari, na bado alitoka kanisani akitembea kama mwenye mlima? Akamweleza kwa upole kwamba bomba la bosi limevuja, na kwamba lazima alizibe leo.

"Ziba," alisema Mama Tabea. "Ziba vizuri, lisivuje tena. Mimi sikuomba maji ya kuvuja. Mimi nataka zamu yangu."

Neno lile lilimchoma Lesian, kwa sababu alilijua lilikotoka. Mfereji wa Akheri ulichimbwa na mababu, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji, siku yake na saa yake, iliyorithiwa kama shamba. Lakini kiangazi hiki, Mwenyekiti wa kamati ya mfereji, Mzee Mikaeli, alisimama wakati wa matangazo baada ya ibada akasema chanzo kimekauka. Zamu zote zikasimamishwa hadi mvua. Kwenye banio, mahali maji yanapogawanywa, kukawekwa mlango wa chuma na kufuli, na ufunguo akabaki nao yeye. Tangu hapo, kila Alhamisi kabla ndege hawajaamka, maji ya mfereji yaliingia kwenye bwawa la Bosi Eliasi. Bosi aliwaambia majirani ananunua maji ya boza, yanayoletwa kwa lori. Lesian, aliyeyaona yakiingia na vipande vya majani ya migomba, hakusema kitu. Hakuna aliyemuuliza.

Alikuwa amekwisha kuchimba na kulifunua bomba wakati bosi alipofika, amefuatana na Mzee Mikaeli. Bosi Eliasi alitazama tope, akatazama magimbi, akaruka ua kwa miguu yake mirefu akasimama mbele ya Mama Tabea bila salamu.

"Marahaba, Eliasi," alisema Mama Tabea.

Vijana wa mahema waliokuwa karibu wakaangua kicheko, kisha wakajifanya wanakohoa. Bosi akaona aibu. Mama huyu ndiye aliyekuwa akimpa uji alipokuwa akitoka shule, na kijiji kizima kilijua.

Ndipo maneno yakaanza. Bosi alidai kwamba Mama Tabea amelipiga bomba jembe ili aibe maji. Mzee Mikaeli, aliyekuwa akipangusa jasho kwa leso, akasema kwa sauti ya kanisani kwamba wizi wa maji una sheria yake tangu mababu, na mwizi hutoa mbuzi. Wote wakamgeukia Lesian, aliyekuwa magotini kwenye shimo.

"Wewe fundi, sema," aliamuru bosi. "Si amelikata?"

Lesian akainua ncha ya bomba ili waione. "Halina alama ya jembe, bosi. Limechomoka kwenye soketi, pale linapounganishwa. Aliyelifunga mwanzo alitia gundi kidogo."

"Na maji haya ni ya boza. Sivyo?"

Lesian akainua macho. Alimwona Naserian mlangoni pa chumba, mkono kiunoni, anasikiliza. Akainamisha kichwa, akaanza kufuta udongo kwenye soketi. Mama Tabea alimtazama kidogo tu, bila lawama, kisha akawageukia wale wanaume wawili.

"Mnabishana nini? Nimekubali. Maji yamepita kwangu, nimeyachongea njia kwa jembe langu. Nitatoa mbuzi."

Mzee Mikaeli akashusha pumzi. Akasema ni vema, mama ni muungwana, amlete huyo mbuzi hapa hapa jioni, na shughuli ya kesho itapata kitoweo.

"Hapa?" aliuliza Mama Tabea. "Mikaeli, wewe ni mwenyekiti au mgeni? Mbuzi wa maji huchinjwa kwenye banio. Huliwa na watu wote wa mfereji, kila nyumba. Na kabla ya kisu, kosa linasemwa kwa sauti: maji gani yaliibwa, siku gani, na yalikuwa zamu ya nani. Nataka lisemwe. Maji gani nimeiba, kama chanzo kimekauka?"

Kule jikoni visu viliacha kumenya. Mzee Mikaeli alitoa tena leso yake. Bosi akatabasamu ghafla, tabasamu la mtu anayetafuta mlango gizani, akasema mambo madogo kama haya hayana haja ya kufika mbali, kesho ni siku ya Bwana, na yeye kwa upande wake amesamehe. Mwenyekiti akadakia kwamba hata kamati imesamehe.

"Sitaki kusamehewa," alisema Mama Tabea. "Nina kosa, na kosa langu lina mbuzi wake. Naenda kumfungua."

Akaondoka. Hakukimbia, hakupayuka. Jembe lilikaa begani mwake kama bunduki ya askari anayerudi nyumbani salama.

Mzee Mikaeli akaingia ndani ya nyumba ya bosi kutafuta maji ya kunywa. Bosi akainama juu ya shimo na kusema taratibu, karibu kirafiki, kwamba Lesian akiifanya pampu ivute leo, kazi ni yake mpaka azeeke, chumba pia. Neno moja tu: asijue chochote.

Lesian akafanya kazi. Na aliifanya vizuri, kwa sababu Mama Tabea alimwambia azibe vizuri, na kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vinginevyo. Akakata kwa msumeno ncha ya bomba iliyoliwa, akaisugua kwa msasa, akaipaka gundi pande zote mbili, akaisukuma ndani ya soketi huku akiizungusha hadi ikakwama. Akaishikilia kama mtu anayeshikilia mkono wa mgonjwa. Akaiacha ikauke. Kisha akashuka kibandani, akajaza chungu, akafunga kifuniko, akawasha.

Pampu ikavuta. Geji ikapanda, ikakaa. Chini ya kioo maji yalisimama safi, bila povu hata moja, na mota ikaimba sauti nzito, ya kushiba. Alingoja ule mlio mkavu. Haukuja. Akamimina dawa bwawani, na ukijani ukaanza kulegea na kusogea kuelekea chujio. Bosi alikuja kutazama, akampiga bega, akasema yeye ndiye fundi. Ng'ambo ya ua, kijifereji kilikuwa kimekwisha kukauka.

Wakati huo Mama Tabea alipita barabarani, nje ya geti, akiburuta mbuzi dume mweupe kwa kamba. Mbuzi alikuwa amegoma. Alichimba kwato chini, akakaa kitako katikati ya barabara, na mama akawa anavuta kwa nguvu zake zote.

Lesian alipita katikati ya vijana wa mahema, akaenda mlangoni pa chumba. Alimwambia Naserian alichotaka kufanya. Naserian akaanza kuanua nguo kwenye kamba.

"Kisongo kuna nafasi kwa baba yako," alisema. "Nenda. Mimi najua kukunja nguo."

Alipofika getini sauti ya bosi ilimfuata. Ilisema kwamba akivuka hapo asirudi, hata kuchukua ndala. Lesian alisikia kila neno. Akavuka.

"Shikamoo, mama. Usimvute," alisema, akichukua kamba. "Mbuzi havutwi kwa mbele." Akapita nyuma, akampapasa mgongoni, akamsukuma mapajani kwa goti huku akipiga mluzi wa chini wa wachungaji. Dume akainuka, akajikung'uta, akaanza kutembea.

"Kumbe unajua na mbuzi," alisema Mama Tabea.

"Najua na maji. Nitasema yalikotoka."

Mama hakumshukuru. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepewa kilicho chake, akatangulia.

Barabara ilipanda kuelekea mlimani, kuelekea banio. Kwenye nyumba ya kwanza Mama Elinami alikuwa akifagia mbele ya mlango wake. Akaegemea fagio.

"Tabea, mbuzi wa nini huyo?"

"Wa faini. Nimeiba maji ya mfereji."

"Maji?" Mama Elinami aligeuka, akatazama migomba yake iliyokauka nyuma ya nyumba, akamtazama tena. "Maji gani, na sisi tumeambiwa hakuna?"

"Njoo ukasikie."

Mama Elinami akaweka fagio ukutani. Akajifunga kanga vizuri, akaita jirani yake wa pili kwa jina, akaingia barabarani.