Mgeni Asiloweshe Viatu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mwenyewe kabla mpwa wangu Ulamila hajakusimulia, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, na chumvi hapa kwetu Nasavura tunayo ya kutosha.

Mimi Manasa ndiye msimamizi wa kijiji. Nikipuliza kombe la baharini watu wanatoka kufagia, nikinyamaza wanalala. Ulamila ni mtoto wa dada yangu, ana miaka ishirini na miwili na mdomo wa watu wanne. Miaka miwili yeye na vijana wenzake walizunguka na karatasi zao: Suva mji mkuu, ofisi hii na ile, mpaka mkutano mmoja ng'ambo ambako walipewa kipaza sauti kwa dakika tatu, wakakatizwa ya pili. Walichotaka ni kimoja tu. Kuna mfuko wa mataifa wa kuwafidia watu walionyang'anywa vitu vyao na hali ya hewa iliyoharibika. Walitaka mfuko huo utuhamishe kwenda kilimani, sisi tulio hai pamoja na wafu wetu, kwa sababu kimbunga cha mwisho kiliondoka na makaburi mawili, na la mama yangu lilikuwa linafuata kwenye foleni.

Hatimaye wakajibiwa. Mkaguzi atakuja kwa siku moja. Akiona, ataandika. Asipoona, faili linafungwa.

Sasa sikia nilichofanya. Kwetu mgeni haonyeshwi aibu. Nikapuliza kombe, tukafagia siku tatu. Ukuta wa shule ulikuwa na alama ya maji usawa wa kifua changu. Tukaupaka chokaa mpaka ukang'aa kama jino. Magimbi yetu yalikuwa yameozea shambani kwa maji ya bahari, kwa hiyo nikapanda kwa shemeji zangu wa kilimani nikaomba, na kwetu ndugu akiomba hanyimwi. Nikashuka na magimbi kila moja kama kichwa cha ndama. Makaburini nikatandika mikeka mipya, nikapanga na maua. La mama nililitandikia mikeka miwili. Mwisho nikampigia simu nahodha: mlete asubuhi, maji yakiwa yametoka, mgeni asiloweshe viatu.

Saa nne boti ikafika gatini. Ulamila, aliyekwenda mjini kumchukua mkaguzi, alishuka wa kwanza, akaangalia shule, akaangalia ufuo mkavu, kisha akaniangalia mimi.

"Mjomba, alama ya maji iko wapi?"

"Tumeifuta. Ilikuwa inatia aibu."

"Na nahodha kaniambia wewe ndiye uliyebadilisha saa. Nilisema aje saa tisa!"

"Saa tisa maji yangekuwa yanapanda, mwanangu. Mgeni..."

"Nimepanga leo kwa sababu ni bamvua, maji yanajaa kuliko siku zote! Nilitaka maji yamkute hapa! Boti inaondoka saa nane. Ataona nini, chokaa?"

Nikafungua mdomo kujibu. Lakini mkaguzi alikuwa ameshanifikia, na kumbe ni Inoke, mtu wa visiwa vya mashariki. Watu wa huko na sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana unacheka, ukinuna unalipa faini. Basi ulimi wangu ukanitoka kama mbwa aliyefunguliwa.

"Wezi wa kuku, hamjambo?" Inoke akasema.

"Hatujambo, wala mizoga! Tulidhani ninyi mmeshazama."

"Na ninyi? Nasikia bahari inawatesa."

"Sisi?" nikapiga kifua. "Bahari hapa inapiga hodi kwanza!"

Ulamila alinikanyaga mguu, lakini Inoke alikuwa ameshacheka na ameshaandika.

Tukamzungusha. Ulamila akawa anaeleza: hapa palikuwa na nyumba, hapa palikuwa na kisima. Inoke akawa anaona majani yaliyofyekwa vizuri. Makaburini aliisifu mikeka. Ulamila akainama kuifunua, nami, mjinga wa siku, nikamshika mkono. "Usimvue bibi yako nguo mbele ya mgeni," nikamnong'oneza. Aliniachia mkeka. Macho yake sitayasahau.

Wakati wa kula mkaguzi alimega gimbi, akafumba macho. "Mashamba yenu yamejaliwa! Nikistaafu nipeni kiwanja hapa pwani. Mama yangu nilimzika mwaka jana kule mlimani kwetu, kaburi la vigae, nalifuta vumbi kwa mkono wangu kila Krismasi. Lakini mimi nataka kulala karibu na maji."

Alipokwenda kunawa aliacha karatasi yake wazi juu ya mkeka. Ulamila akasoma, akanisogelea sikioni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kaandika, 'Jamii inamudu.' Maneno mawili. Miaka miwili yangu, mjomba, kwa maneno mawili."

Ilikuwa saa saba na nusu, na nahodha alikuwa ameshaanza kupuliza filimbi.

Hapo ndipo akili ikanirudia, kwa kuchelewa kama kawaida yake. Bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mzizi, lilikuwa katikati ya nyumba, limebaki robo. Mzizi ule ukishapondwa ukachujwa kwa heshima ya mgeni, mgeni hanyanyuki mpaka bakuli likauke. Kwa hiyo shida yetu ilikuwa ndogo: lisikauke.

Nikatoka, nikaponda mzizi mwingine mwenyewe, nikarudi nikaongeza.

"Mtani, boti," Inoke akasema.

"Nyumbani kwenu mnaacha bakuli na maji ndani? Ndiyo maana mnaitwa mnavyoitwa."

Akapiga kofi moja la desturi, akanywa, tukapiga matatu. Filimbi ikalia. Nikasimulia kisa cha babu yake na mbuzi wa babu yangu, kisa kirefu ambacho sehemu kubwa nilikuwa naitunga palepale. Saa nane ikapita. Nahodha akaja mlangoni amekunja uso. Ulamila akampa kifuu kilichojaa, akakaa. Saa tisa. Midomo ilikuwa imekufa ganzi, visa vinaniishia, na mzizi wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho. Nilimtazama Ulamila, yeye alikuwa akitazama mlango tu.

"Sasa basi," Inoke akasema saa kumi kasoro, akishika goti. "Hata kama ni mtani, umeniteka."

Chini ya mbao za sakafu kitu kikagonga. Kuku akapanda ngazi, akaingia ndani bila kukaribishwa, na nyuma yake wengine wawili. Inoke akanyoosha shingo nje. Viatu vyake, alivyovivua chini ya ngazi kama adabu inavyotaka, vilikuwa vinaelea kwenda shuleni, kimoja mbele, kingine nyuma, kama watoto waliochelewa.

"Hodi hiyo," Ulamila akasema.

Tulikwenda makaburini maji yakiwa magotini. Mikeka yangu ilikuwa inaelea. Mmoja wa ile ya mama ulibaki umenasa kwenye ufa wa kaburi, na safari hii niliunyanyua mwenyewe. Saruji ilikuwa imefunguka upana wa mkono. Maji yakaingia, yakatoka, yakaingia tena, na kila yakitoka yalikuwa na mchanga wa ndani.

Inoke aliinama akautazama ule ufa. Kisha akaishika karatasi yake juu, isilowe.

"Nimeona," akasema. "Lakini, binti, bamvua huja na kwenda. Fomu inauliza kama mnaweza kuishi na hali hii. Mmenilisha nikashiba. Shule inang'aa. Mjomba wako kasema bahari inapiga hodi. Na makaburi hayana hata mstari humu."

"Magimbi tuliyaomba kilimani," nikasema. "Chokaa ina siku tatu. Maneno yangu yalikuwa ya utani na ya aibu. Mimi ndiye niliyeficha."

"Nitathibitishaje? Kila kijiji kinasema hakimudu. Na watu wako hapa, wanaishi. Mtu anayeishi, anamudu."

Nitangulize alichofanya Inoke baadaye, kwa sababu baada ya jibu la Ulamila mimi sina la kuongeza. Alikata yale maneno mawili kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka, akageuza upande wa pili usio na mistari, akaandika amesimama ndani ya maji mpaka nahodha akamwita kwa jina. Kama mfuko utatuhamisha, bado tunasubiri.

Lakini wakati ule kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi. Ulamila alitoa ule mkeka mkononi mwangu, akaukamua, akautandaza kwenye mchanga uliobaki juu ya maji kando ya kaburi la bibi yake.

"Kiwanja ulichoomba hiki hapa, mtani. Kamlete mama yako kutoka mlimani, mlaze hapa na bibi yangu, halafu ndiyo uandike tunamudu."