Shikamoo ya Mtani

Onesphory alitolewa figo ya kushoto, saratani ikatoka nayo, na akarudi nyumbani kwake Magomeni, pale Kilosa mjini, akiwa na mshono uliozunguka ubavu kama mkanda uliofungwa vibaya. Hiyo ilikuwa kabla ya masika. Masika yakaja, yakaondoka, nyuzi zikatolewa, watu wakaacha kuleta machungwa. Maumivu peke yake ndiyo hayakuaga.

Tena yalikuwa maumivu yenye vituko. Akikaa kimya yanatulia. Shati likigusa ubavu, ngozi inawaka kama imepakwa pilipili. Akikohoa, akipiga chafya, na hasa akicheka, kuna kitu kinamvuta kwa ndani mpaka anaona nyota. Daktari alimweleza vizuri tu: mishipa ya fahamu ikikatwa huchelewa kupona, avumilie, na kila akitaka kukohoa au kucheka aubane ubavu kwa mto. Onesphory akaushika ushauri kwa mikono miwili. Aliukumbatia mto sebuleni, aliukumbatia kanisani, aliukumbatia akienda sokoni kununua dagaa. Mzee mzima aliyekuwa akipunga bendera pale stesheni ya reli na treni nzima ikamtii, leo anapita mtaani na mto!

Usimcheke. Au mcheke, basi, maana kuna mtu aliyekuwa na haki kamili ya kumcheka, na mambo yote yalianzia kwake.

Mtu huyo ni Generoza, mama wa supu kule Mikumi, kando ya barabara kuu wanakolaza malori. Ukoo wake na ukoo wa Onesphory ni watani tangu mababu zao walipokuwa milimani Mamboya. Na utani wa Wakaguru si mzaha wa kupitisha muda, bwana. Mtani wako anaweza kukuita mwizi wa kuku mbele ya mchungaji, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Msiba ukitokea anaitwa mapema, maana ana kazi zake pale. Baba yake Onesphory alipofariki, Generoza alivaa kofia ya marehemu, akaiga mzee alivyokuwa akichechemea, kisha akashuka kaburini, akalala chali na kugoma kutoka mpaka apewe jogoo. Waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka huku kamasi zinawatoka.

Tangu siku ile jicho lake lilikuwa kwenye koti la Onesphory. Lilikuwa koti zito la reli, lenye vifungo vya shaba, alilopewa alipostaafu.

"Hilo langu," alikuwa akisema kila akija. "Usilichafue. Na ukifa, tafadhali usife umelivaa, utanisumbua kulivua."

Ugonjwa ulipoingia hakupunguza hata kidogo. Siku ya kwanza kuuona ule mto alishika kiuno, akamgeukia Yusta, mke wa Onesphory. "Yusta, mwenzangu, umeletewa mke mwenza na umenyamaza? Tena mweupe, mnene, hapiki wala hafui! Mchungaji ana habari?" Kuanzia hapo mto ukawa Bi Mdogo. Akaendelea: "Reli imekupunguza kazi, hospitali imekupunguza figo. Kaa mbali na kanisa, mtani, wasije nao wakakupunguza."

Onesphory alicheka. Alicheka na kuugulia, akamkumbatia Bi Mdogo, akateleza kwenye kiti mpaka sakafuni, uso ukawa wa majivu, jasho likamtoka kama anapalilia mpunga. Yusta alimpangusa, akamlaza kitandani. Baadaye Onesphory, akiwa kitandani, aliona dirishani mkewe akimsindikiza mgeni. Walisimama njiani muda mrefu. Yusta alikuwa akiongea, na Generoza akaweka kiganja mdomoni.

Hakulitilia maanani. Siku chache kabla ya hapo walikuwa wametoka kliniki kupigwa picha ya kuangalia kama saratani imerudi. Daktari alizungumza na Yusta wakati Onesphory bado anahangaika na vifungo vya shati. "Amesemaje?" aliuliza. "Safi," Yusta akajibu, na wakaenda kula chipsi.

Basi Generoza akaja tena. Safari hii alibisha hodi, na hilo peke yake lilikuwa jipya, maana siku zote kelele zake zilitangulia kufika. Akaingia taratibu, kanga imefungwa vizuri, akainama kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Onesphory akajibu kabla hajajua anajibu nini.

Shikamoo! Kutoka kwa Generoza! Kweli amezaliwa nyuma yake kidogo, lakini mtani hamwamkii mtani wake, na huyu hakuwahi, hata walipokuwa watoto wanachunga mbuzi. Akakaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, akauliza kuhusu usingizi, akauliza kuhusu dawa, akasema Mungu ni mwema. Alimtazama Bi Mdogo, akameza mate, akanyamaza. Koti lilining'inia msumarini mbele ya pua yake na hakulitupia hata jicho. Alipoondoka aliacha mapapai mawili na neno "ugua pole, kaka".

"Nimekwisha," Onesphory akajisemea.

Na wewe ungekuwa yeye ungewaza nini? Mtu wa kupewa habari za msiba mapema ni mtani. Mtani amepewa habari, ndiyo maana ameshika adabu. Sasa yote yakapangika kichwani: daktari kuteta na Yusta, wale wawili kusimama njiani, kile kiganja mdomoni. Na ubavu wenyewe si ulikuwa unashuhudia? Kama uvimbe ulitoka wote, hiki kinachomchoma kila akigeuka ni nini?

Jioni akamvizia mkewe jikoni. "Yusta, daktari alisemaje?"

"Alisema safi."

"Safi ipi?"

"Kwani safi ziko ngapi? Hebu nipishe, ugali unaungua."

Akaanza kujiandaa, maskini. Jirani waliyegombana naye kwa sababu ya mpaka alimpelekea jembe lake zuri na kumwambia amesamehe yote. Jirani akalipokea, ila usiku ule alifunga mlango kwa makomeo mawili. Akamwonyesha Yusta bati linalovuja na mahali anapoweka misumari. "Unahama?" Yusta akamuuliza. Akaacha kulalamika maumivu kabisa. Akiwa peke yake alijibonyeza ubavu kwa vidole kutafuta uvimbe, na kwa kuwa alijibonyeza, ubavu ukazidi kuuma, na kwa kuwa ulizidi kuuma, akazidi kujibonyeza. Kulala ikawa tabu. Alikuwa anaogopa, si kidogo.

Mwishowe akakata shauri. Nickson, mtoto wa dada yake, alikuwa anapeleka gari Mikumi. Onesphory akamwambia Yusta anakwenda kunyoosha miguu kidogo na mpwa wake, akachukua mto, akachukua na koti. Alikuwa na mpango. Atampa Generoza lile koti mkononi. Akimtukana, basi yeye Onesphory bado ni mzima. Akilipokea kwa adabu, au akilia, atajua.

Barabara ile ina vipande vya lami na vipande vya adhabu. Kila shimo lilimfikia ubavuni. "Pole, mjomba," Nickson akasema walipopita kijiji cha Ulaya. "Utawasimulia watu umefika Ulaya." Siku nyingine angecheka. Alimkumbatia Bi Mdogo na kutazama nje.

Generoza alikuwa kibandani kwake, upawa mkononi, madereva watatu wa malori wakinywa supu. Alipomwona Onesphory anashuka na mto wake kwapani, mdomo ulimfunguka wenyewe, neno likafika ulimini kabisa. Akalimeza.

"Shikamoo, kaka. Karibu. Mbona umejisumbua?"

Onesphory hakuitikia. Alilitandaza koti juu ya meza, kati ya mabakuli na ndimu. "Chukua."

"La nini?"

"Si ulilitaka? Chukua mapema, nisije nikakusumbua kulivua."

Generoza alilitazama koti, akamtazama mwenyewe. Macho yakamjaa maji. "Hapana, kaka. Lirudishe ukalitunze."

Onesphory akakaa kwenye benchi. "Basi imerudi," akasema mbele ya wale madereva. "Saratani imerudi, Yusta amekwambia wewe, mimi mwenyewe nafichwa. Niambie, Generoza. Naogopa. Nalala naogopa, naamka naogopa, na huu ubavu hauniachi hata siku moja nikajidanganya."

Madereva wakainamia mabakuli yao. Generoza akaweka upawa chini.

"Nani kakwambia imerudi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Umeniamkia."

Generoza akakodoa macho. Halafu akapiga paja. "Ala! Kumbe! Mkeo alinishika mkono siku ile njiani, analia. Ananiambia, dada, ukimchekesha hivi mshono utafumuka, nitabaki bila mume. Akaniapisha nikae kwa adabu mpaka upone. Unadhani ilikuwa kazi rahisi, mpaka machozi yananitoka kwa kumeza maneno? Vile ulivyokaa na yule mwanamke wako mweupe, ulimi uliniwasha njia nzima mpaka Mikumi!"

"Unanificha."

"Sikufichi, kichwa maji wewe. Nijibu. Baba yako alipokuwa anakata roho, mimi nilikuwa wapi?"

"Pembeni ya kitanda."

"Nafanya nini?"

Onesphory alikumbuka. Alikuwa akimwiga mzee anavyokoroma, na mzee, pumzi ndiyo hiyo inahesabika, alikuwa akicheka kwa mabega.

"Nilimnyamazia?"

"Hukumnyamazia."

"Basi! Anayekwenda tunamchekesha, hana kidonda cha kusubiri kipone. Wewe nimekunyamazia, tena kwa taabu, kwa kuwa tunataka upone. Ungekuwa unakufa, Onesphory, ningekuja kukupa shikamoo? Ningehamia kwako na ngoma!"

Pumzi aliyokuwa ameibana tangu yale mapapai ikamtoka Onesphory yote kwa mpigo. "Sasa mbona inauma?" akauliza polepole, kama mtoto.

"Inauma kwa sababu umekatwa! Wakuchane ubavu mzima halafu usikie raha?" Sasa kiapo kilikuwa kimevunjika na hakuna wa kukiunganisha. Generoza akalivuta koti, akalivaa, mikono ikamfunika vidole. Akampokonya mto, akaubana ubavuni, akapinda mgongo, akaanza kutembea kati ya meza kwa hatua za kuku aliyenyeshewa, huku akiugulia, "Yusta, uiii, Yusta, nzi amenigusa!" Kisha akachomoa kitambaa cha kufutia meza, akatoka hadi pembezoni mwa barabara na kulipungia lori lililokuwa likipita, kwa madaha yote ya stesheni. Lori likapiga honi. Madereva wakavunjika mbavu.

Onesphory alicheka bila mto. Alishika ukingo wa meza, akacheka na kulia, maumivu yakampanda mpaka begani. Generoza akamwona, akasimama ghafla, uso umembadilika.

"Imekuuma?"

"Sana."

"Niache?"

"Ukiacha ndiyo utaniua."

Baadaye, supu imekwisha na Nickson anapiga honi, Generoza alilivua koti, akanusa kola, akakunja pua. "Chukua mzigo wako. Mimi sivai koti linalonuka jasho bichi la mtu mzima. Nitalifuata likikauka. Ila Bi Mdogo anabaki, nimemkamata kwa uzururaji." Badala yake akamkunjia kanga moja ya kubana ubavu, na Onesphory akarudi nayo Kilosa, shimo kwa shimo.

Yusta alikuwa amesimama mlangoni. "Kunyoosha miguu gani kwa siku nzima? Na mto uko wapi?"

"Bi Mdogo kabaki Mikumi. Anauza supu."

Yusta akamtazama usoni. "Amekwambia."

"Ameniambia."

Yusta akaingia, akakaa kwenye kiti kirefu, akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. "Niliogopa," akasema. "Uliponidondokea pale chini, niliogopa."

"Na mimi niliogopa. Ungeniambia tungeogopa pamoja."

Onesphory akakaa karibu naye. Yusta akasogea upande wa kushoto, upande wa mshono, akambana taratibu kwa bega lake. "Ukitaka kucheka, egemea hapa."

Simu ikalia. Onesphory akaipokea, akaiweka sauti kubwa ili wote wawili wasikie. Hakukuwa na shikamoo, hakukuwa na kaka.

"We marehemu!" Generoza akapaza sauti kutoka Mikumi. "Umefika?"

Onesphory akaegemea bega la mkewe, akaanza kucheka, na ikamuuma.